SOMO: Jinsi ya kujaribu bastola uwanja wa shabaha kabla hujatoa pesa yako

Wakuu, wiki hii nimeulizwa mara nne: "Ninunue bastola gani?" Kila mara jibu langu ni lilelile: siujui mkono wako, nenda uwanja wa shabaha ujaribu tatu au nne, kisha urudi tuongee. Halafu linafuata la pili: "Nikifika huko nifanyeje?" Nimeamua kuliandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Hatua ya 1. Uliza sheria ya mahali ulipo. Kwingine asiye na kibali anaruhusiwa kufyatua bastola ya uwanja akiwa na mwalimu, kwingine haruhusiwi kabisa kuigusa. Jua kabla hujaondoka nyumbani.

Hatua ya 2. Miwani ya kinga, vizibo vya masikio, na juu yake vifuniko vya masikio. Vyote viwili pamoja, hasa uwanja wa ndani. Mlio wa bastola unapita desibeli 140, na sikio likishaharibika halirudi. Vaa shati lenye kola inayobana, maana maganda ya risasi hutoka yakiwa ya moto.

Hatua ya 3. Kanuni nne alizozitangaza Jeff Cooper, mwalimu wa bastola wa Marekani, uzijue kwa moyo: kila bunduki ichukulie kuwa ina risasi, usiielekeze kwenye kitu usichokuwa tayari kukiharibu, kidole nje ya kifyatulio hadi vilengeo vikae kwenye shabaha, ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Mwambie msimamizi waziwazi kwamba wewe ni mgeni. Hakuna atakayekudharau.

Hatua ya 4. Shika kila bastola ikiwa tupu, na uhakikishe mwenyewe kwa macho na kwa kidole kuwa chemba, yaani pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, haina kitu. Panda juu ya mpini uwezavyo, mtutu uwe mstari mmoja na mfupa wa mkono wako wa chini. Sasa peleka kidole kwenye kifyatulio. Ncha ya kidole ikikifikia bila wewe kuugeuza mpini kiganjani, bastola hiyo ni ya saizi yako. Ukilazimika kuuzungusha ndipo ufike, iache, hata kama ni nzuri kiasi gani. Dakika moja tu, na utapunguza orodha yako nusu.

Hatua ya 5. Mpangilio. Hapa ndipo nilipoharibu mimi, kwa hiyo someni polepole.

Siku yangu ya kwanza nilikodi bastola nne, nikaanza na ile iliyonivutia kuliko zote: rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) fupi, nyepesi, ya .357 Magnum, kaliba (kipimo cha risasi) yenye nguvu. Nilipiga kumi. Kila moja ilinipiga teke la kiganja, na mwali ukatoka pembeni mwa silinda. Nikaiweka, nikachukua Glock 19, bastola ya magazini ya kaliba ya 9mm. Risasi zote chini kushoto. Nikachukua CZ 75, nayo ya 9mm. Chini kushoto tena, ila afadhali kidogo. Nikaandika kwenye daftari kwamba Glock 19 haina shabaha. Nikanunua ile ya nne, si kwa ubora wake, bali kwa sababu niliipiga mwisho, mkono ukiwa umeanza kutulia.

Miezi mitano baadaye mwalimu akanijazia magazini, na bila kuniambia akachanganya risasi za mazoezi zisizo na baruti. Ilipofika moja ya hizo, hapakuwa na mlio wala teke, lakini mtutu ulizama chini kwa nguvu. Ni mkono wangu uliouzamisha. Ulikuwa unauwahi mshindo ambao haukuja. Rivolva ile ya kwanza ilikuwa imeutia mkono wangu woga, na woga huo nikaubeba hadi kwenye bastola mbili zisizo na kosa lolote. Nikatoa pesa yangu kwa hukumu hiyo. Bado inaniuma.

Kwa hiyo:

- Anza na .22, kaliba ndogo yenye teke dogo. Ndiyo, hata kama huna mpango wa kuinunua. Piga ishirini hivi, mkono ujue kuwa kufyatua si kupigwa.
- Kisha 9mm kubwa na nzito. Kisha 9mm ndogo. Kaliba kubwa na rivolva nyepesi ziwe mwisho, au siku nyingine kabisa.
- Mwombe mtu mwingine akujazie magazini na achanganye risasi moja au mbili za mazoezi usijue ziko wapi. Mtutu ukizama, simama, rudi kwenye .22. Usiandike hukumu yoyote juu ya bastola uliyonayo wakati huo.
- Anayetumia mkono wa kulia, risasi zikirundikana chini kushoto, aushuku mkono kabla ya bastola. Wa kushoto, chini kulia.
- Usizidishe nne kwa siku. Mkono uliochoka unasema uongo.

Na uzito hauna urafiki na mtu. Risasi ikienda mbele, bastola inarudi nyuma, na ikiwa nyepesi inarudi kwa kasi zaidi kwa risasi ileile. CZ 75 ya chuma ni kilo 1 hivi ikiwa tupu. Kuna rivolva ndogo za fremu ya aluminiamu zenye gramu 400 tu. Dukani ile nyepesi ndiyo inayokupendeza, uwanjani ndiyo inayokuadhibu.

Hatua ya 6. Linganisha kwa haki: risasi za aina moja na uzito mmoja, umbali mmoja, idadi moja. Mimi hutumia mita 7, makundi matano ya risasi tano, karatasi mpya kwa kila bastola. Tazama upana wa kundi, yaani matundu ya risasi kwenye karatasi, si kama limekaa katikati. Kundi dogo lililokaa pembeni linarekebishika.

Hatua ya 7. Andika palepale. Jina la bastola, upana wa kundi, palipouma, kilichokwama. Piga picha karatasi. Ukifika nyumbani utakumbuka tu ile iliyong'aa.

Ulizeni.

---

Mlenga_Jr: Mkuu somo refu sana. Kwa kifupi ipi bora, Glock au CZ?

Mwandishi: Hatua ya 4 na ya 6.

Mlenga_Jr: Lakini wewe ungechagua ipi?

Mwandishi: Ningechagua inayokaa kwenye mkono wangu. Wako siujui.

Binti Saidi: Shikamoo kaka. Nimesoma yote mara mbili. Tatizo langu ni kuvuta slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayoteleza, nyuma. Mara ya mwisho nilishindwa kabisa mbele za watu, na muuzaji akaniambia wanawake tununue rivolva tu. Ni kweli?

Mwandishi: Marahaba dada. Si kweli, na nasikitika uliambiwa hivyo. Mara nyingi shida ni namna ya kushika, si nguvu. Isogeze bastola karibu na kifua, mtutu ukiendelea kuelekea kwenye shabaha, kidole nje. Mkono mwingine uifunike slaidi kwa juu, vidole vinne upande mmoja na kiganja upande wa pili, mbali na tundu la kutolea maganda. Halafu usivute slaidi: *sukuma mpini mbele* kwa nguvu huku mkono wa juu ukibana tu. Hapo unatumia kifua na mabega, si vidole. Ikifika mwisho iachie ghafla, usiisindikize.

Jambo la pili, bastola ndogo si lazima iwe na slaidi laini. Nyingi za .380 zenye mtutu usiojifunga na slaidi hutegemea springi ngumu, na unaweza kukuta 9mm kubwa ni rahisi kuvuta kuliko hizo. Na rivolva ina ugumu wake: ukifyatua bila kuinua nyundo kwanza, kifyatulio chake ni kizito sana kwa kidole. Jaribu zote, na uje utuambie.

Binti Saidi: Asante sana kaka. Nitarudi na picha za karatasi.

Chuma Hakilali: Haya yote ni kupoteza risasi. Mimi nilitazama video tatu nikanunua .45 moja kwa moja na sijuti. Mwanaume hazoei .22.

Mwandishi: Umeipiga risasi ngapi hadi sasa?

Chuma Hakilali: Kama ishirini hivi. Siendi sana uwanjani.

Mwandishi: Basi hujajua kama unajuta. Risasi ya kawaida ya .45 ACP ina gramu 15 hivi, karibu mara mbili ya 9mm. Haimwulizi mtu jinsia yake. Weka risasi mbili za mazoezi kwenye magazini yako, mtu akuchanganyie, kisha tuongee. Sikusemi vibaya, mimi mwenyewe nilianzia huko na nimeeleza gharama yake hapo juu.

Fundi wa Saa: Mzee, swali. Nitajuaje kwa uhakika kuwa kosa ni la mkono na si la vilengeo? Nikipiga pembeni na risasi za mazoezi zikaonyesha sishtuki, nimlaumu nani?

Mwandishi: Swali zuri sana, nilipaswa kulitia kwenye somo. Fanya mambo mawili. Kwanza, piga ukiwa umeegemeza mikono kwenye mfuko wa mchanga. Kundi likikaa palepale pembeni, likiwa dogo, vilengeo vinahusika. Pili, mpe mzoefu aipige bastola hiyohiyo, risasi hizohizo, umbali huohuo. Naye akienda pembeni ileile, si wewe. Akipiga katikati, rudi ukaangalie kidole chako: kikiingia sana kwenye kifyatulio, au kidogo mno, huusukuma mtutu upande hata kama hushtuki.

Kwa rivolva si lazima uwe na risasi za mazoezi. Jaza matundu matatu tu, zungusha silinda, funga bila kutazama. Utashtukia mwenyewe.

Fundi wa Saa: Na kama nataka rivolva ya .357 lakini naogopa teke?

Mwandishi: Anza kwa kuipiga na .38 Special. Rivolva ya .357 Magnum inazipokea bila shida, na ni laini zaidi. Kinyume chake hapana: .357 usiipeleke kwenye rivolva ya .38. Na kwenye rivolva yoyote, dole gumba lisifike mbele pembeni mwa silinda. Mwali unaotoka pale unachana ngozi.

Mkono Shoto: Sisi wa kushoto je?

Mwandishi: Angalia kitufe cha kuachia magazini kama kinahamishika. Glock kuanzia kizazi cha 4 kinahamishika, na kizazi cha 5 kina kishikio cha slaidi pande zote mbili. Maganda mengi yanaruka kulia, hayatakusumbua sana kwenye bastola.

Mama Shabaha: Naongezea mawili, niliwahi kuwa msimamizi uwanjani. Ganda la moto likiingia ndani ya shati, usigeuke! Mtutu ubaki mbele, weka bastola mezani, ndipo uruke utakavyo. Nimeona mtu akigeuka na bastola mkononi kuelekea watu saba. La pili, ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, *pfu* badala ya kishindo, usifyatue tena kabisa. Risasi inaweza kuwa imekwama ndani ya mtutu, na inayofuata itaupasua. Inua mkono, mwite msimamizi.

Mwandishi: Asante mama, hili la mlio hafifu nalipandisha kwenye somo. Na ukifyatua pasitoke kitu, shikilia mtutu mbele sekunde 30 kabla ya kufungua, baruti nyingine huchelewa kuwaka.

Mlenga_Jr: Kwa hiyo Glock 19 ni mbaya au nzuri? Umesema haina shabaha.

Mwandishi: Rudia hatua ya 5 yote, mdogo wangu. Pole pole.

Binti Saidi: Samahani, na mikono baada ya kupiga? Nina mtoto mchanga.

Mwandishi: Umefanya vyema kuuliza. Risasi na viwashio vyake vina madini ya ledi (lead), na vumbi lake hukaa mikononi, nyweleni na kwenye nguo. Usile wala kunywa pale uwanjani. Nawa mikono na uso kwa sabuni na maji baridi kabla ya kuondoka. Ukifika nyumbani viatu viache nje, badili nguo na uoge kabla hujambeba mtoto. Nguo hizo zifue peke yake. Na kama bado unanyonyesha, zungumza na daktari kwanza, na ukienda chagua uwanja wa wazi badala ya wa ndani.

Mlenga_Jr: Nimerudia. Nimeelewa, ni mkono. Samahani mkuu. Jumamosi naenda, naanza na .22.

Mwandishi: Safi. Chukua daftari.