Kujiunga na kikundi cha kasia na uvuvi mtoni Sagana, hatua kwa hatua

Ndugu zangu, wengi mmeniuliza hii mambo ya kasia na kuvua pale Sagana mtu anaingiaje, acha niwaeleze vile sisi tunafanya.

Hatua ya kwanza ni ukingoni, si majini. Mgeni anaanza na siku mbili za kuokota plastiki na kupanda mianzi na miti ya kienyeji. Sheria ya mazingira inataka mita 6 hadi 30 kando ya mto zisilimwe, lakini ukitembea pale utaona nduma na sukuma mpaka kwa maji, mvua ikinyesha udongo wote unateremka na Tana, ule mto mkubwa Sagana inaingia, unaenda kujaa bwawa la Masinga. Mtu hajaona hiyo kwa macho yake simpi kasia, hapo silegezi.

Ya pili ni rahisi: kopi ya kitambulisho, namba ya mtu wako wa karibu, na mchango unatuma kwa tili ya kikundi, usitumie mtu binafsi hata kama ni kiongozi.

Ya tatu ni mazoezi. Laifu jaketi na helmeti kila siku, hata maji yakitulia. Kayaki, yaani ule mtumbwi mwembamba wa kasia, ikipinduka lala chali, miguu itangulie kule mto unaenda, na usijaribu kusimama penye mkondo hata kama maji ni ya magoti, juu mguu ukinaswa kwa mawe mto unakuangusha kifudifudi na huinuki. Hii tunarudia mpaka mwili uifanye wenyewe.

Ya nne ndio kuvua. Kata leseni kwanza. Nyavu hatutaki, ni ndoano tu, na ule mwiba wake mdogo ulio karibu na ncha tunaubana na plaizi ndio samaki asichanike akitolewa. Lowesha mikono kabla ya kumshika, ule utelezi wa ngozi ndio kinga yake. Mdogo anarudi, mwenye mayai anarudi.

MASWALI

Mimi sijui kuogelea kabisa, nije?
Njoo dada, kazi ya ukingo iko, na kuogelea utafunzwa kwanza. Majini utaingia ukiwa tayari.

Nitapata traut?
Hapa chini utapata kambare na tilapia. Traut anataka maji baridi, huyo ni wa juu Aberdare na Mlima Kenya.

Mvua ndefu mnaendelea?
Tunaangalia rangi. Mto ukigeuka kahawia na matawi yaanze kupita hatuingii, hata kama hapa jua linawaka, maana imenyesha huko mlimani.

Mzee wangu analima nduma mpaka majini, nikijiunga si mtamshtaki?
Hapana ndugu yangu, tena wewe ndio tunakutaka sana. Tutakuja tumsalimie, tumpelekee miche ya mianzi na napia, napia ng'ombe wanakula na inashika udongo, halafu tumwalike kwa chama cha watumiaji maji akae na majirani wake. Muulize Jumapili gani yuko nyumbani utuambie.