Kukata silabi za Kifaransa ili usome neno bila kubabaika

Wengi wakianza Kifaransa wanasoma herufi kwa herufi kama tulivyozoea kwenye Kiswahili, afu wanashangaa mbona hawaeleweki. Kata silabi kwanza, kusoma baadaye.

Ukataji wenyewe sio mgumu kihivyo maana unafanana na wetu. Konsonanti moja ikikaa katikati ya vokali mbili inaenda na ile ya mbele, kwa hiyo a-mi, ca-fé, cho-co-lat (hiyo t ya mwisho haitamkwi, unaishia shokola). Zikiwa mbili zitenganishe, mer-ci, par-tir, ila ya pili ikiwa l au r mara nyingi zinaenda pamoja: ta-bleau, a-près. Ch, ph na gn usizikate kabisa, si hata sisi tuna sh na ny.

Kazi iko kwenye vokali. Chukua oiseau, yaani ndege. Herufi sita lakini silabi mbili tu, oi-seau: oi inasomwa wa, s ikiwa kati ya vokali inakuwa z, eau yote hiyo ni o. Umepata wazo, lile lile unalolijua, tofauti ni kwamba sisi mkazo tunauweka silabi ya pili kutoka mwisho na wao wanauweka mwisho kabisa, waZO. Hapa ndo Waswahili tunajulikana haraka kuliko kwenye r, kwa maoni yangu.

N au m ikifunga silabi, kama bon-jour au cham-bre, usiitamke, pitisha vokali puani basi, ulimi usiguse juu. Ikifuatwa na vokali inatamkwa kawaida, a-ni-mal, na bonne pia n inasikika.

Halafu kuna e ya mwisho isiyo na alama. Kwenye karatasi ni ta-ble, silabi mbili, mdomoni inabaki moja, ingawa kwenye nyimbo utaisikia wakiivuta.

Ukishazoea neno moja moja nenda kwenye sentensi, maana maneno yanashikana na mipaka inahama. Les peke yake ni le, ila ikikutana na amis ile s inafufuka kama z na kuhamia neno la pili: le-za-mi. Jaribu les amis arrivent, piga kofi kila silabi: le-za-mi-a-riv. Makofi matano, -ent ya kitenzi haihesabiki.