Gololi ndani ya kopo: jaribio la mwendo wa kitu kilichorushwa, Kidato cha Tano

Vifaa haviumizi mfuko. Gololi ya chuma ya beringi mbovu utaipata gereji yoyote. Ongeza paipu ya plastiki ya kupitishia nyaya za umeme, ubao, karatasi ya kaboni, futi kamba, uzi na nati.

1. Pasua paipu kwa urefu upate mfereji, upashe moto kidogo uupinde, kisha ufunge kwenye ubao: nyuma uinuke, mdomo ulale sawa ukingoni mwa meza. Weka gololi mdomoni. Ikianza kujiendea, chomeka karatasi chini ya ubao mpaka itulie. Usiharakishe hapa, maana hesabu zote zinachukulia kwamba gololi inatoka ikiwa mlalo kabisa.

2. Ning'iniza nati kwa uzi kutoka mdomoni, uweke alama inapoelekea sakafuni. Umbali unapimwa kuanzia hapo. Wanafunzi wasipoangaliwa watapima kutoka mguu wa meza.

3. Chora mstari juu kwenye mfereji. Zuia gololi hapo kwa rula, halafu inua rula. Hakuna kusukuma. Angalia inapoangukia, bandika karatasi nyeupe, tandika kaboni juu yake, upande wa wino chini. Rudia mara kumi, kisha pima mpaka katikati ya kundi la vidoa. Kidoa kilichojitenga huwa kina mwenyewe: uliza nani kasukuma.

4. Tuseme mdomo uko m 0.80 juu ya sakafu. Muda wa kuanguka ni √(2h/g), h ikiwa kimo cha kuanguka na g mchapuko wa mvutano wa dunia (9.8): √(1.6/9.8) = s 0.404. Gololi ikitua m 0.60 mbele, kasi yake ni 0.60/0.404 = m/s 1.49. Kabla ya kuendelea uliza: tukiiachia juu zaidi kwenye mfereji, itakaa hewani muda mrefu zaidi? Wengi watasema ndiyo. Waache wabishane, kisha waonyeshe kwamba kwenye √(2h/g) kasi haimo kabisa.

Mjanja mmoja atataka kupata kasi kwa mgh = ½mv², yaani nishati ya kimo (hapa h ni kimo cha mstari wa kuachia juu ya mdomo) igeuke yote kuwa nishati ya kwenda mbele. Atapata kubwa kuliko ya kweli, kwa sababu gololi inabingirika, na sehemu 2 kati ya 7 za nishati zinakwenda kwenye kuzunguka.

5. Sasa utamu wenyewe. Hamishia ubao kwenye benchi, mdomo uwe m 0.50 juu ya sakafu. Mstari wa kuachia ni uleule, kwa hiyo kasi haibadiliki. Wape kopo lenye kimo cha sm 10 na upana wa sm 7, waliweke kwa hesabu tu, bila kujaribu kwanza.

Kikundi kitakachotumia 0.50 kitapata sm 48 hivi, na gololi itagonga ubavu wa kopo. Gololi inaingilia mdomoni mwa kopo, si sakafuni, kwa hiyo h ni 0.40. Muda unakuwa s 0.286, na katikati ya kopo ikae sm 43 kutoka alama ya nati.