Usinunue pampu ya mafuta kabla ya kuipima ikiwa kazini

Nilishalipia pampu ya Mercedes 190E ndipo nikagundua ile ya zamani ni nzima. Kwa wenye magari ya zamani ya injeksheni (yanayopulizia mafuta kwenye injini, bila kabureta): usipime umeme kwenye nyaya zilizochomolewa. Acha pampu ikiwa imeunganishwa (kwenye 190E iko chini ya gari, karibu na gurudumu la nyuma la kulia), gusisha mita ya volti kwenye nati zake mbili, mwenzako apige stata. Asiachie mapema, maana injini isipozunguka relei (swichi ya umeme inayowasha pampu) hukata. Waya ulioliwa na kutu huonyesha volti 12 safi ukiwa hauna mzigo. Pampu ikianza kuvuta, zinaporomoka. Hapo shida ni waya, ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi) au relei yenyewe, ambayo lehemu yake hupasuka kwa uzee. Volti zikikaribiana na za betri wakati huohuo na pampu iko kimya, basi imekufa, badilisha. Kipimo hiki hakisaidii pampu ikiwa inanguruma ila gari halina nguvu mlimani. Anza na chujio, na usilegeze bomba bila kulizungushia kitambaa: presha hubaki humo hata injini ikizimwa.