SOMO: Kupanga helpa zako kwenye Laravel

Wakuu, swali la wapi pa kuweka helpa (fankisheni ndogo unazoandika mwenyewe na kuziita popote) kwenye Laravel, freimwek ya PHP, linakuja inboksi kila mara, naliandika hapa, atakayeuliza tena nampa linki.

1. Tengeneza faili app/helpers.php.

2. Andika fankisheni zako humo, kila moja ndani ya if yake yenye jina lake, mfano if (! function_exists('tarehe_fupi')).

3. Hapa ndo wengi wanakwama. Fungua composer.json (faili la mipangilio la Composer, kinachosimamia vifurushi vya PHP), kwenye "autoload" ongeza "files": ["app/helpers.php"]. Ni autoload, SIYO autoload-dev, ziko jirani na macho yanateleza. Ukikosea hapo, kwenye kompyuta yako mambo yanaenda safi kabisa, halafu unapandisha seva, kule unainstall na --no-dev (yaani bila vitu vya development), faili halisomwi na kila ukurasa unaoita helpa unakufa mbele ya wateja.

Na majina jamani! Usiite fankisheni yako now wala collect, Laravel anazo tayari. Composer anasoma faili za vifurushi kwanza ndo zako zifuate, kwa hiyo function_exists inakuta jina lipo, yako inarukwa bila erori yoyote, utahangaika kubadilisha kodi na hakuna kinachobadilika.

4. Kwenye terminal run composer dump-autoload, Composer aandike upya orodha ya faili za kusoma. Basi.

MASWALI

– Mkuu yangu inaleta Call to undefined function, nisaidie fasta
– Hatua ya 4 umefanya?
– Kumbe ipo ya 4
– Soma lote kwanza ndo uulize.

– Shukrani kaka. Kwa nini tusiweke tu klasi yenye metodi za static?
– Swali zuri sana hili. Faili la kwenye "files" linasomwa kila ombi hata usipoliita, klasi inasomwa pale tu inapohitajika. Vitu vidogo vya kupanga tarehe au namba ya simu acha viwe helpa, unaviita moja kwa moja kwenye Blade (templeti za kurasa za Laravel). Kinachogusa database au kutuma meseji kipeleke kwenye klasi, hata kukitest inakuwa rahisi.

– Naongezea, msiite env(), inayosoma mipangilio ya faili la .env, ndani ya helpa. Ukisharun config:cache (inahifadhi mipangilio yote kwenye faili moja), .env haisomwi tena, unapata null. Tumieni config().
– Kweli kabisa, na hilo nalo unaligundua ukiwa seva.

– Faili langu la helpa limejaa mpaka kutafuta kitu ni kazi
– Gawa kwa mada, app/Helpers/tarehe.php, app/Helpers/pesa.php, zote ziorodheshe kwenye "files". Ukiongeza faili jipya rudia hatua ya 4, fankisheni mpya kwenye faili la zamani haihitaji.