Somo: Kikao cha Baraza la Usalama darasani kwa vipindi viwili

Somo hili ni kwa walimu wa Historia na Uraia, Kidato cha Tatu na cha Nne, wenye chaki, ubao na darasa lililojaa.

Mada ya Umoja wa Mataifa huishia mara nyingi kwenye orodha: 1945, wanachama 193, vyombo vikuu sita. Mwanafunzi anakariri na kupata alama, lakini bado hajui kwa nini nchi moja ikisema "hapana" jambo linakufa, na nyingine ikisema "hapana" hiyohiyo jambo linapita. Mpe kura moja iliyopigwa kweli katika Baraza la Usalama la umoja huo, aipige mwenyewe kabla hajajua matokeo.

Kura inayotufaa ni ya tarehe 8 Novemba 1994, Azimio namba 955, lililounda mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Mahakama hiyo ilikaa Arusha mpaka ilipofungwa Desemba 2015. Usitaje Arusha mapema. Ukitaja, umeshatoa matokeo.

Vifaa

Manila mbili, maka peni, vikaratasi 15 vya kuokotea nchi na karatasi 15 za maelekezo. Manila moja ikunjwe mara tatu na kukatwa, utapata vipande 8. Manila mbili zitatoa 16: nchi 15, na kipande kimoja cha RAIS. Kila kipande kikunjwe kama paa la nyumba kisimame mezani, na kiwekewe kijiwe ndani. Kwa upepo wetu wa Julai na Agosti, bila kijiwe utaiokota Pakistan uani.

Kipindi cha maandalizi (dakika 40)

Gawa darasa makundi 15. Wakiwa 75, ni watano watano: msemaji, katibu, mpiga kura na wawili wa kwenda kushawishi makundi mengine. Nchi zigawanywe kwa kuokota vikaratasi, la sivyo wote watataka Marekani na wenye sauti ndogo wataachiwa Djibouti.

Baraza la mwaka 1994 lilikuwa hivi. Wa kudumu: China, Marekani, Ufaransa, Uingereza, Urusi. Wasio wa kudumu: Argentina, Brazil, Czech, Djibouti, Hispania, New Zealand, Nigeria, Oman, Pakistan na Rwanda. Ndiyo, Rwanda yenyewe ilikuwa ndani ya Baraza mwaka ule, na hapo ndipo somo lilipo.

Andika rasimu ubaoni kwa ufupi:

1. Mahakama itashughulikia makosa ya kuanzia 1 Januari hadi 31 Desemba 1994 tu.
2. Adhabu kubwa ni kifungo. Hakuna adhabu ya kifo.
3. Wafungwa wanaweza kutumikia kifungo Rwanda au nchi nyingine.
4. Mwendesha mashtaka ni yuleyule wa mahakama ya iliyokuwa Yugoslavia.
5. Makao ya mahakama yataamuliwa baadaye na Baraza.

Karatasi ya Rwanda ieleze kwamba serikali yake ndiyo iliyoomba mahakama, Septemba 1994, lakini inataka makosa yahesabiwe tangu Oktoba 1990, inataka adhabu ya kifo iliyokuwamo katika sheria zake wakati ule, na inataka mahakama ikae Rwanda. Karatasi ya China: mna wasiwasi na haraka ya kupitisha jambo ambalo nchi husika bado ina shida nalo. Marekani na New Zealand: ninyi ni miongoni mwa waliodhamini rasimu. Makundi mengine yapewe hadhi yao tu, wa kudumu au la, na swali moja: rasimu hii inatosha? Usiwabunie misimamo.

Kikao chenyewe (dakika 80)

Meza zipangwe kama herufi U. Mwalimu awe Rais mara ya kwanza. Katika Baraza lenyewe urais huzunguka kila mwezi kwa alfabeti ya Kiingereza, na nchi iliyo rais hupiga kura kama kawaida.

Dakika 10 za kupanga meza na kusoma rasimu. Dakika 20 za hotuba, kila nchi dakika moja kwa saa ya ukutani. Ukilegeza hapa hutafika kwenye kura. Kisha 15 za mashauriano ya kusimama. Acha wapige kelele, Baraza la kweli nalo hufanya kazi kubwa nje ya kikao. Dakika 10 za marekebisho ya rasimu, 5 za kura na 20 za mjadala.

Kosa linalojirudia hapa Dodoma ni darasa kugeuka Bunge. Wanafunzi wamelisikia Bunge redioni, basi wanaanza "Mheshimiwa Spika", na kura inapigwa kwa sauti mpaka mtu atangaze kuwa walioafiki wameshinda. Baraza la Usalama halipimi sauti. Mkono unanyooshwa mara tatu: wanaounga mkono, wanaopinga, wasioegemea upande wowote. Katibu anahesabu mikono na kuandika ubaoni.

Rasimu inapita ikipata kura 9 kati ya 15 bila "hapana" ya mjumbe wa kudumu, ambayo ndiyo kura ya turufu. Kutoegemea upande si kura ya turufu. Liandike hili ubaoni, maana ndilo wanalolikosea kwenye mtihani.

Baada ya kura yao ndipo uandike ya kweli: 13 waliunga mkono, mmoja alipinga, mmoja hakuegemea upande. Waulize nani alipinga. Wengi watasema China au Urusi. Aliyepinga ni Rwanda, aliyeiomba mahakama mwenyewe. China haikuegemea upande. Nyamaza kidogo, waache waulizane, kisha uliza: kama China na Rwanda zingebadilishana kura, nini kingetokea? Mwanafunzi anayejibu kwamba rasimu ingekufa ameielewa kura ya turufu. Sasa taja Arusha.

Maswali ya wanajumuiya

*Mwalimu, Kondoa: Darasa langu lina wanafunzi 110. Makundi ya saba hayafanyi kazi.*
Kweli, wawili watalala. Bakisha watano watano, na wale 35 uwagawe: 15 wakalimani, 20 waandishi wa habari. Kila mwandishi alete habari ya maneno 100 yenye hesabu sahihi ya kura. Hesabu ikikosewa, habari irudiwe.

*Mwalimu, Mpwapwa: Lugha? Wakilazimishwa Kiingereza wananyamaza.*
Mashauriano yawe Kiswahili, hotuba iwe Kiingereza cha sentensi tatu zilizoandikwa. Hapo ndipo wakalimani wanapohitajika. Wakumbushe kwamba lugha rasmi za Umoja wa Mataifa ni sita na Kiswahili bado hakimo, ingawa una idhaa ya habari ya Kiswahili, ambayo ni nyenzo nzuri ya kusikiliza.

*Mwl., Bahi: Shule haina intaneti. Nyaraka nazipataje?*
Darasa halihitaji nyaraka, mwalimu ndiye anayezihitaji. Ukifika mjini, tafuta S/PV.3453, kumbukumbu ya kikao kile, uichapishe mara moja. Peleka nakala kwenye kituo cha walimu ili wenzako wasirudie gharama. Kikao chenu cha MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) nacho kitumieni kwa majaribio: walimu 15, nchi 15, kabla ya kuwapelekea wanafunzi.

*Mwalimu, Kongwa: Nina mwanafunzi ambaye ndugu zake wanatoka Rwanda. Niendelee?*
Zungumza naye faraghani kwanza, na akisita badilisha kura. Hata akikubali: hakuna picha, hakuna kuigiza mauaji, hakuna kumuuliza mtu kabila. Kura mbadala ni ya 1981 ya kumpata Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Salim Ahmed Salim wa Tanzania alizuiwa na turufu ya Marekani, Kurt Waldheim, aliyekuwa akishika nafasi hiyo, akazuiwa na ya China, nafasi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru.

*Mwl., Manyoni: Kwangu rasimu ilipata kura 7, ikaanguka. Nimeharibu?*
Hapana. Uliza kila kundi lililokaa kando ni kifungu kipi kingelitoa huko, kisha rudini kwenye rasimu mkirekebishe hicho kimoja na mpige kura tena. Ikifika 9, waonyeshe ni kundi gani lilihama na lilipewa nini.