Kabla hujazitumia namba za Zambia

Ukiwa Tunduma saa nne kamili asubuhi, vuka mpaka uingie Nakonde. Ni hatua chache tu kutoka kwenye foleni ya malori, lakini ukifika upande wa pili ni saa tatu. Zambia inafuata majira ya Afrika ya Kati, saa moja nyuma yetu. Tena wao huanza kuhesabu saa usiku wa manane, kwa hiyo saa tatu yako wao huiita tisa. Mtu wa Nakonde akikwambia kwa Kiswahili kizuri kabisa "njoo saa tisa", muulize palepale: tisa ya asubuhi au ya alasiri?

Naanza na saa kwa makusudi. Wapo wengi wanaoandaa wasifu wa Zambia kwa sababu zao: mwanafunzi anaandika tasnifu, mfanyabiashara wa mchele anataka mkopo wa kupeleka mzigo Lusaka, mwalimu anaandaa somo. Wote hufanya kazi ileile ya kukusanya eneo la nchi, idadi ya watu, pato, madini na majina ya marais, wakavipanga kwenye jedwali. Eneo halisumbui: ni kilomita za mraba 752,600 na ushee, nchi isiyo na bahari, yenye majirani wanane, Tanzania ikiwa mmojawapo. Hilo andika ulale. Yanayobaki karibu yote yanataka uulize kwanza yalihesabiwa lini, na hesabu ilianzia wapi.

La kukagua kabla ya yote ni fedha. Tarehe 1 Januari 2013 Benki Kuu ya Zambia iliikata kwacha sifuri tatu. Noti ya 50,000 ikawa ya 50, mshahara wa milioni mbili ukawa elfu mbili, na sarafu za ngwee, yaani senti za kwacha, zilizokuwa zimesahaulika zikarudi mifukoni. Tai mla samaki alibaki palepale mbele ya noti, na nyuma yule mtu wa sanamu ya uhuru anayekata minyororo. Mwaka 2012 dola moja ilibadilishwa kwa kwacha kama elfu tano. Mwaka uliofuata, kwa kwacha kama tano. Hakuna aliyetajirika wala kufukarika kwa hilo. Ila nyaraka za zamani hazikurekebishwa, na bado zinasomwa.

Mimi mwenyewe nimeshikwa na mtego huo. Nilikuwa namwandalia jamaa wa Kyela andiko la biashara ya mchele, nikachukua bei za 2011 kwenye ripoti moja na za 2014 kwenye nyingine, nikazichorea mstari. Mstari ukaanzia juu kabisa kama mlima Rungwe, ukaporomoka hadi chini ukagusa sakafu. Nikaandika na aya ya kuueleza: kwamba mavuno ya ndani yameongezeka na bei imeanguka. Aliyeniokoa ni binti aliyekuwa anachapa kazi ile steshenari. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Kaka, huu mchele sasa wanaugawa bure?" Tangu siku hiyo kila namba ya kwacha ninayoinukuu naiandikia pembeni "ya zamani" au "mpya", hata kama najisomea mwenyewe.

Kuna mtego mwingine uleule wa jina. Malawi nayo hutumia kwacha, na ni fedha nyingine kabisa. Mwaka 2024 dola moja ilikuwa zaidi ya kwacha 25 za Zambia, na zaidi ya 1,700 za Malawi. Mchuuzi anayezunguka kati ya Tunduma na Kasumulu, mpakani na Malawi, hawezi kuzichanganya, maana anazishika mkononi. Anayezichanganya ni mtu wa kompyuta. Neno lenyewe, kwa jinsi lilivyo, ni ndugu wa "kumekucha" letu: mzizi ni kucha, na lilikuwa kaulimbiu ya wapigania uhuru kabla halijawa fedha mwaka 1968.

Pato la taifa nalo lina mkato wake. Mwaka 2014 ofisi ya takwimu ilibadili mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao bei zake hutumika kupimia pato, kutoka 1994 kwenda 2010, na pato la nchi likapanda karatasini kwa takriban robo. Shughuli ambazo hapo awali hazikuhesabiwa vizuri ziliingizwa kwenye hesabu, basi. Ukikuta grafu inayoruka ghafla, usiende kutafuta muujiza wa kilimo.

Idadi ya watu ni nyepesi zaidi, mradi utofautishe sensa na makadirio. Sensa za baada ya uhuru zilifanyika 1969, 1980, 1990, 2000 na 2010. Ya 2020 iliahirishwa, ikafanyika 2022. Ya kwanza ilikuta watu milioni 4 na kidogo, ya 2010 milioni 13.1, ya 2022 milioni 19.6. Ukisoma mahali kwamba Zambia ilishapita milioni 20 siku nyingi, huenda hakuna aliyekosea. Ni makadirio yaliyopigwa kabla ya sensa na kuachwa yaendelee kutembea peke yake. Kwenye jedwali moja tumia aina moja.

Ukishuka ngazi ya mkoa, angalia mipaka. Hadi 2011 Zambia ilikuwa na mikoa tisa. Mwaka huo ukaundwa wa kumi, Muchinga, makao makuu yakiwa Chinsali, na Nakonde ikahamishiwa huko kutoka Mkoa wa Kaskazini. Wilaya nazo zimekatwakatwa: mwaka 2010 zilikuwa sabini na kitu, sasa ni 116. Kwa hiyo mtu anayesema watu wa Mkoa wa Kaskazini walipungua kati ya sensa moja na nyingine, muulize kama ana habari kwamba kipande cha mkoa kilikwenda na watu wake. Chinsali, kwa waliosahau, ndiko alikozaliwa Kenneth Kaunda mwaka 1924, misheni ya Lubwa, baba yake akiwa mhubiri aliyetoka Nyasaland, Malawi ya sasa. Asili hiyo ya baba ilikuja kumrudia uzeeni, mahakama ilipotamka mwaka 1999 kwamba mtu aliyeiongoza nchi miaka 27 hakuwa raia wake. Baadaye aliupata tena uraia.

Sasa shaba. Hapa ndipo wasifu mwingi huharibika, na huharibika kwa kutumia namba za kweli. Mwaka 1969 migodi ya Copperbelt, ukanda wa shaba wa Zambia, ilitoa zaidi ya tani laki saba. Kisha yakafuatana: serikali ikachukua asilimia 51 ya migodi, mafuta yakapanda bei mwaka 1973, shaba ikaanguka sokoni katikati ya miaka ya 1970, na mitambo ikaachwa izeeke bila fedha za kuibadilisha. Kufikia 2000, wakati ubinafsishaji unakamilika, uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi kama tani laki mbili na nusu. Baada ya hapo ukapanda tena, na mwaka 2024 ulipita laki nane. Serikali imejiwekea lengo la tani milioni 3 kufikia 2031.

Chagua sasa pa kuanzia. Ukianza 2000, utaandika kwamba uzalishaji umeongezeka zaidi ya mara tatu, na hakuna atakayekubishia. Ukianza 1969, utaandika kwamba miaka 55 imeleta nyongeza ya tani laki moja hivi, na hapo pia uko sahihi. Mimi napendelea njia ya tatu, ya kugawa kwa vichwa. Mwaka 1969 shaba iliyochimbwa ilitosha kila Mzambia zaidi ya kilo 170. Mwaka 2024 ilikuwa kama kilo 40. Ukitembea Kitwe au Mufulira ukawasikia wazee wanasimulia nyumba za kampuni, hospitali za mgodi na viwanja vya michezo, utadhani wanatia chumvi kwa kukumbuka ujana. Zipeleke simulizi zao kwenye hizo namba mbili za kilo, utaona wanahesabu vizuri.

Kuna namba za uwezo na namba za kazi iliyofanyika, na hizi watu huzichanganya kila siku. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ni mfano wetu wa nyumbani. Ian Smith, kiongozi wa walowezi, alipojitangazia uhuru wake kule Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya sasa, Novemba 1965, Zambia ilijikuta karibu shaba yake yote na mafuta yake yote vinapita mlangoni kwa adui. Kwanza yakaja malori, mapipa ya petroli yakipandishwa kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya vumbi na tope iliyoua madereva wengi. Mwaka 1968 likafunguliwa bomba la TAZAMA hadi Ndola, kilomita 1,710. Kisha reli, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kwa mkopo wa China usio na riba, ikajengwa kati ya 1970 na 1975 na kukabidhiwa mwaka uliofuata. Upana wake ni milimita 1,067, kipimo cha reli za kusini, si cha reli yetu ya kati ya zamani yenye milimita 1,000. Ndiyo maana behewa la Kapiri Mposhi haliwezi kuendelea hadi Kigoma. Mzigo hupakuliwa Kidatu na kupakiwa upya. Reli hiyo iliundwa ibebe tani milioni 2 kwa mwaka, na haijawahi kuzifikia hata mara moja. Ukiandika "TAZARA hubeba tani milioni 2", umeandika ndoto ya wahandisi.

Umeme vivyo hivyo. Zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wa mitambo ya Zambia ni ya maji, kwa hiyo megawati zilizoandikwa kwenye kitabu ni ahadi ya mvua. Msimu wa 2023/24 mvua iligoma, Rais Hichilema akatangaza janga la kitaifa tarehe 29 Februari 2024, na ziwa Kariba likashuka hadi mitambo mingi ikazimwa. Mwaka huo mtu wa Lusaka alipata umeme kwa saa chache za siku, mitambo ikiwa ileile. Anayepanga kufungua kiwanda cha barafu au saluni huko aangalie kina cha Kariba kwanza.

Kwenye siasa, orodha ya marais ni fupi na rahisi: Kaunda, Chiluba, Mwanawasa, Banda, Sata, Lungu, Hichilema. Kinachotaka uangalifu ni chaguzi. Wawili kati yao, Mwanawasa mwaka 2008 na Sata mwaka 2014, walifia madarakani, na kwa katiba ya wakati ule ilibidi ufanyike uchaguzi wa rais peke yake wa kumalizia muhula. Hivyo kuna uchaguzi wa 2008 na wa Januari 2015 uliosimama nje ya ratiba. Huo wa 2015 ulifanyika katikati ya masika yao, bila wabunge wala madiwani wa kuwahamasisha watu, na ni kama theluthi moja tu ya waliojiandikisha waliojitokeza. Mwaka 2021 walijitokeza asilimia 70. Usiziweke hizo mbili bega kwa bega ukasema Wazambia walikuwa wamechoka na demokrasia halafu wakaamka. Na kumbuka kwamba kati ya Desemba 1972 na 1990 chama kilikuwa kimoja kisheria, basi asilimia za ushindi za miaka hiyo zihesabu kama za jirani yake wa kaskazini, Tanzania, wakati uleule. Tunajua zilivyokuwa.

Makabila husemwa ni 73, lugha saba za mikoa hutumika shuleni na redioni, Kiingereza ni lugha rasmi. Hapo tahadhari ni moja tu: kabila si lugha. Katika sensa ya 2010 waliojitaja kuwa Wabemba walikuwa asilimia 21, lakini waliosema wanazungumza Kibemba zaidi walikuwa asilimia 33. Migodi iliwakutanisha watu wa kila pembe, na Kibemba kikawa chao wote.

La mwisho ni majina, kwa anayechimba nyaraka za kabla ya 1964. Kabwe ilikuwa Broken Hill, Chipata ilikuwa Fort Jameson, Mansa ilikuwa Fort Rosebery. Mbala ilikuwa Abercorn, na ni hapo ambapo kamanda wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck na askari wake wa Afrika Mashariki ya Kijerumani walisalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Mji wa Livingstone haukubadilishwa jina, ila makao makuu yalihamishwa kutoka hapo kwenda Lusaka mwaka 1935. Hata michezo ina mkato wake. Timu iliyokwenda Olimpiki ya Tokyo Oktoba 1964 iliingia uwanjani siku ya ufunguzi kama Rhodesia ya Kaskazini, jina la nchi kabla ya uhuru. Michezo ilifungwa tarehe 24, siku ileile nchi inapata uhuru, na vijana hao wakaingia tena uwanjani wakiwa Wazambia. Ukiwatafuta kwenye matokeo ya mashindano yale, anza na jina la kwanza.